Baba na kimpira chake

Leo sijakimbia. Kocha kanipigia mara mbili, sikupokea. Najua kanuna.

Huu mwezi wa tatu tangu kiharusi kimwangushe baba pale Kibirizi, hapa Kigoma, akisaidia kushusha dagaa. Upande wa kulia ukalala, maneno yakamkwama. Mtu aliyekuwa akinifokea kutoka jukwaani pale uwanja wa Lake Tanganyika, "Kaza mguu, wewe!", sasa akitaka maji ananyoosha kidole.

Zamani saa 11 alfajiri nilikuwa barabarani, Mwanga hadi Ujiji na kurudi. Siku hizi saa hiyo namnyoosha baba vidole, kimoja kimoja, kisha kiwiko, kisha bega. Mtaalamu wa viungo alituelekeza: rudieni, rudieni, ndipo ubongo utajifunza njia nyingine. Kumbe ni yaleyale ya mita 1,500, ila hapa mzunguko mmoja unakula wiki nzima. Na presha, jamani, alikuwa nayo miaka, dawa anameza akijisikia vibaya tu. Hapo bado namkasirikia, nisiwadanganye.

Nilimpa kimpira cha tenisi awe anakibana. Kila siku kinadondoka, kinabingirika chini ya kitanda, napiga magoti kukitafuta. Leo kikakaa. Nikahesabu hadi 7. Akanitazama, mdomo bado umepinda, akatoa neno moja la kwetu, salamu ya asubuhi ya Kiha:

"Mwakeye."

Mama huko jikoni akadondosha mwiko.

Kocha nitampigia kesho.