Kilichowaka Livermore, na Kisichowaka Bado

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale 192 ya leza ilifikisha megajuli 2.05 za nishati kwenye shabaha ndogo, na fueli iliyokuwamo ikatoa megajuli 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muungano wa viini vya atomu kutoa, ndani ya maabara, nishati nyingi kuliko ile iliyoifikia shabaha. Vichwa vingi vya habari vilikimbilia kuahidi umeme usiokwisha. Kwa maoni yangu, kilichotokea asubuhi ile kilistahili shangwe, ila si kwa sababu hiyo.

Ili kuielewa sababu yenyewe, ni lazima tuitazame shabaha kwa karibu. Katikati ya chumba cha mviringo chenye upana wa mita 10 huwekwa silinda yenye urefu wa takriban sentimita moja, iliyotengenezwa kwa madini mazito kama dhahabu, na kila ncha yake ina tundu. Ndani yake hushikiliwa kapsuli ya almasi yenye kipenyo cha milimita 2 hivi, iliyotandwa kwa ndani barafu ya deuteri na triti, yaani aina mbili nzito za hidrojeni, ambazo huingizwa kupitia kijirija chembamba kuliko unywele. Miale haiigusi kapsuli hata kidogo. Huingia kwa yale matundu mawili na kuzipiga kuta za silinda, nazo kuta hutoa eksirei, na eksirei ndizo zinazolibabua ganda la almasi pande zote kwa wakati mmoja. Tabaka la nje linapofuka na kuruka, linalobaki husukumwa ndani kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa sekunde, fueli ikabanwa hadi kuwa nzito kupita madini ya risasi, na joto la kiini chake likapita nyuzi milioni 100. Yote hayo huchukua sehemu chache tu za bilioni za sekunde.

Kazi ngumu hapo ni kubana kwa usawa, kuliko hata kubana kwa nguvu. Kishimo kisichoonekana kwa macho kwenye almasi, au upande mmoja kusukumwa kidogo kuliko mwingine, hutosha kuuvuruga mpira mzima kabla haujawaka. Hata kile kijirija cha kuingizia fueli kiliwasumbua watafiti kwa miaka. Mtambo ulikamilika mwaka 2009, lakini jaribio lililokaribia lengo, lililotoa megajuli 1.3 hivi, halikupatikana hadi Agosti 2021, na walipojaribu kulirudia miezi iliyofuata matokeo yakashuka. Ndipo wakaongeza kidogo unene wa ganda na nishati ya leza, na Desemba ya mwaka uliofuata fueli ikawaka.

Kuwaka hapa kuna maana mahususi. Deuteri na triti zinapoungana huzaa nyutroni, ambayo hutoroka na kama asilimia 80 ya nishati, na kiini cha heli, ambacho hunasa ndani ya fueli na kuipasha joto. Joto hilo likizidi linalopotea, fueli hujichochea yenyewe, jambo ambalo hesabu zilikuwa zikilitabiri tangu miaka ya 1970. Hilo ndilo ninaloliona kuwa ushindi. Mwezi Aprili 2025 jaribio jingine lilitoa megajuli 8.6 kutokana na 2.08 za leza.

Tukirudi kwenye umeme, hesabu hubadilika sura. Ili kurusha zile megajuli 2.05, mtambo ulivuta kiasi cha megajuli 300 kutoka gridi, na zile 3.15 zilizopatikana zingetosha kuchemsha lita 9 hivi za maji. Vioo vya leza huhitaji saa kadhaa kupoa, ilhali kituo cha kuzalisha umeme kingepaswa kufyatua karibu mara 10 kila sekunde, kila mara kwa kapsuli mpya. Triti nayo ni adimu, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei, kwa hiyo kituo kingelazimika kujitengenezea yake kutokana na lithi.

Wala mtambo huu haukujengwa hasa kwa ajili ya umeme. Marekani ilisimamisha milipuko ya majaribio mwaka 1992, na tangu hapo hutumia leza na kompyuta kuchunguza hali ya silaha zake za nyuklia. Ufaransa ina leza ya aina hiyo karibu na Bordeaux kwa lengo lilelile. Jambo hili hutajwa kwa haraka mno, wakati ndilo linaloeleza fedha zimetoka wapi. Hata hivyo sayansi imepata fungu lake: leza za Livermore zimewahi kubana almasi kwa kanieneo ya takriban angahewa milioni 50, zaidi ya mara kumi ya ile iliyo katikati ya Dunia, na kuwapa wanaastronomia data kuhusu matumbo ya sayari kubwa.

Zipo pia leza zinazofuata njia tofauti kabisa. Mwaka 1985 wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou walionyesha namna ya kuurefusha mpigo wa mwanga, kuukuza, kisha kuubana tena bila kuharibu vioo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Kwa mbinu hiyo, leza ya Măgurele nchini Romania imefikia petawati 10 (petawati moja ni wati milioni bilioni), uwezo unaoizidi Livermore mara nyingi, ingawa kila mpigo hubeba juli mia kadhaa tu, kwa kuwa hudumu muda mfupi ajabu. Mpigo kama huo hauwezi kuwasha fueli kwa mtindo wa Livermore, lakini huweza kuzipa elektroni nishati kubwa mno katika umbali wa sentimita chache, kazi ambayo mitambo ya kawaida huifanya kwa mamia ya mita.