Punda Mmoja, Nyumba Mbili

Katika vijiji vingi vya Wilaya ya Chamwino, na hata pembezoni mwa Jiji la Dodoma kule Hombolo, punda ndiye anayebeba maji, kuni, uwele wa kusagisha, magunia ya alizeti na wakati mwingine mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Si kila nyumba ina uwezo wa kumnunua peke yake, kwa hiyo watu huchanga. Mimi na shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, tulichanga nusu kwa nusu tukanunua punda jike mnadani, na ninayoyaandika hapa yanahusu ugumu wa ushirika huo, ambao wengi huuona mwepesi mpaka siku wanapouingia.

Wenzetu wa Uingereza hushirikiana farasi wa kupanda kwa utaratibu unaofanana na wetu: mmoja humpanda siku fulani, mwingine siku nyingine, na gharama hugawanywa. Washauri wao husisitiza kwamba pande mbili ziandikiane mkataba, hata kama ni marafiki. Kwetu farasi ni mnyama wa kuonekana kwa nadra, na sababu mojawapo ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao huua sehemu kubwa ya farasi wanaoupata huku punda wengi wakiupata bila hata kuonyesha dalili. Hata hivyo, ukiacha tofauti ya mnyama, malalamiko ya washirika wa farasi ningeweza kuyasikia kwa shemeji asubuhi yoyote.

Huku Ugogo, yaani nchi ya Wagogo wa Dodoma, si ugeni kwa mifugo kuwa na zaidi ya mkono mmoja. Desturi ya kumwekesha ndugu au rafiki ng'ombe ni ya siku nyingi: anayelea hukamua maziwa na kuchukua samadi, ndama hubaki wa mwenye mali, na ng'ombe akiugua au akifa taarifa hutolewa mapema ili pasiwe na shaka. Wazee wanapoamua mashauri ya aina hiyo hawapati tabu, kwa sababu kila kitu kinachogawanywa kinaonekana kwa macho. Nilidhani punda angeingia katika desturi hiyohiyo bila shida, lakini hakuingia. Maziwa hupimwa kwa kibuyu na ndama huhesabiwa zizini, ilhali kitu pekee tunachogawana kwa punda ni nguvu zake, na nguvu hazionekani mpaka zimekwisha.

Tulianza kwa kugawana siku, kama wafanyavyo wengi. Kwenye karatasi mgawanyo huo ulikuwa sawasawa kabisa, lakini Dodoma haina mwaka wenye siku zilizo sawa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na baada ya hapo ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka. Siku ya punda mwezi Mei, wakati mabwawa bado yana maji na mavuno hayajakauka vizuri, haina thamani kubwa. Siku hiyohiyo mwezi Oktoba, wakati kisima cha karibu kimekauka na foleni ya kile cha mbali inaanza kabla ya adhana ya alfajiri, ni mali. Kisha inakuja wiki ya mvua za kwanza, ambapo udongo uliokuwa mgumu kama saruji unalainika kwa siku chache tu na kila mwenye shamba anataka plau iingie asubuhi hiyo. Mvua haiji kwa zamu. Ikinyesha usiku wa kuamkia siku ya shemeji, yeye amelima na mimi nimesimama ukingoni nikitazama unyevu wangu ukikauka.

Msimu mmoja tuliamua kulima kwa pamoja, mashamba yote mawili kwa mfululizo, tukianza na lile lenye udongo wa kichanga linalokauka upesi. Huo ndio utaratibu tulioendelea nao, na ninaupendekeza kwa yeyote mwenye mshirika anayeelewana naye: wakati wa kulima, sahauni siku na muangalie udongo.

Hata hivyo, zamu si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni kwamba kila mshirika huona nusu tu ya kazi ya mnyama. Shemeji anamtuma punda asubuhi kisimani na anajiona mtu wa kiasi, kwa kuwa amemtumia mara moja tu. Mimi ninamchukua jioni kwenda mashineni na kujiona vilevile. Punda peke yake ndiye anayejua jumla. Msemo wa "punda afe, mzigo ufike" huchukuliwa kuwa wa watu wakatili, lakini katika ushirika unaweza kutimizwa na watu wawili wapole ambao hawajawahi kuinua fimbo.

"Shemeji, jana huyu alikwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kisimani tu, shemeji. Mara moja."

"Na madumu mangapi?"

Hapo ndipo ukimya ulipoingia. Punda wetu wa huku ni wadogo, wengi wakiwa na uzito wa kilo 120 hadi 150, na kipimo kinachopendekezwa kwa mzigo wa mgongoni ni takriban theluthi moja ya uzito wa mnyama kwa juu kabisa. Dumu moja la lita 20 lina kilo 20. Madumu mawili, moja kila upande, ni kilo 40, nayo yanatosha. Madumu manne, ambayo ndiyo unayoyaona barabarani kila siku, ni kilo 80, na kwa punda wa kimo cha wetu hiyo ni zaidi ya nusu ya mwili wake. Mkokoteni hubadilisha hesabu, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayobeba uzito na punda huvuta tu, lakini njia ya kwenda kisimani ina korongo ambalo gurudumu halivuki.

Kidonda ndicho kilichotufungua macho. Kilianza pale mabega yanapokutana na shingo, chini ya gunia tulilokuwa tukiliweka chini ya shogi, yaani tandiko la mizigo, mahali ambapo huwezi kukiona mnyama akiwa amefungwa mizigo. Niliposhusha shogi na kupitisha kiganja mgongoni, ngozi ya mahali hapo ilitetemeka kabla sijaigusa, masikio yakalala nyuma, na manyoya yalikuwa yameshikana kwa majimaji yaliyokauka. Gunia lenyewe lilikuwa na mkunjo mgumu uliokaa palepale kwenye kidonda. Afisa mifugo alipokuja aliutazama mkunjo ule kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kidonda, akasema dawa hazitasaidia ikiwa kitambaa hakitabadilishwa, na kwamba mnyama apumzishwe mpaka ngozi ifunge.

Apumzishwe kwa siku za nani? Mgonjwa alikuwa mmoja lakini hasara ilikuwa ya nyumba mbili, na kila nyumba ilikuwa na hakika kwamba kidonda kilitoka upande wa pili. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na mnyama mwenye kidonda chini ya mzigo hana siku ya Jumatatu wala ya Alhamisi. Tuliyahesabu mapumziko yale kuwa deni la wote wawili na gharama za dawa tukazigawa bila kutafuta mkosaji. Nadhani ushirika ungevunjika pale kama mmoja wetu angeshikilia kumtafuta.

Lazima niseme jambo ambalo waandishi wa mambo ya mifugo hulipita haraka. Mkataba wa punda wetu ulifungwa na wanaume wawili, lakini wanaomtumia zaidi ni wanawake wawili, mke wangu na mke wa shemeji, ambao ni mawifi. Wifi hamwambii wifi yake kwa urahisi kwamba amembebesha mnyama kupita kiasi, kwa kuwa neno hilo dogo linaweza kufika kwa mama mkwe likiwa limeota mabawa. Kwa hiyo walinyamaza, na kunyamaza kwao kulimchosha punda kuliko ugomvi wetu. Suluhisho pia lilitoka kwao. Walichukua daftari la shule la mtoto, wakalitundika kwa uzi kwenye nguzo ya zizi, na kila anayemrudisha punda anaandika alikokwenda na alichobeba, kisha anayemchukua anasoma kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa punda ni zaidi ya fedha. Daftari halimlaumu mtu, na wifi anayesoma kwamba mnyama amevuka korongo mara mbili tangu asubuhi anaamua mwenyewe kumwacha.

Jambo jingine ni lugha ya mikono. Shemeji humwendesha punda kutoka nyuma kwa sauti ya ulimi na fimbo anayoigonga ardhini. Mimi nimezoea kumwongoza kwa kamba nikiwa mbele. Mwanangu humpanda, na humwelekeza kwa kumgusa shingo. Mnyama aliyefundishwa na watu watatu kwa njia tatu hujifunza ya nne, ambayo ni kusimama. Watu husema punda ni mkaidi, lakini mara nyingi anasimama kwa sababu hajaelewa au kwa sababu kuna maumivu. Farasi aliyeshtuka hutimua mbio, punda husimama kufikiri. Kwetu alikuwa akisimama kwenye njia panda inayotenganisha nyumba zetu, na ukimvuta kwenda upande usio wa desturi ya saa ile, hung'ang'ania. Ilitubidi tukubaliane maneno mawili tu, la kwenda na la kusimama, na kamba ifungwe kwa namna moja katika nyumba zote mbili. Shemeji alilalamika kwamba namna yangu inachelewesha. Bado analalamika.

Halafu kuna suala la mahali pa kulala. Mwanzoni alihama kila zamu ilipobadilika, na siku za kulala kwangu, ambako hakuna punda mwingine, alikuwa akilia usiku kucha na kuacha mabua bila kuyagusa. Punda ni mnyama wa wenzake. Huambatana na mwenza mmoja kwa miaka, na akiacha kula kwa upweke au maumivu, mafuta ya mwilini huweza kuingia katika damu kwa wingi na kumuua ndani ya siku chache. Shemeji ana mbuzi na punda dume mzee, pamoja na zizi la miiba ambalo fisi hawajawahi kulivuka. Kwa hiyo punda sasa hulala kwa shemeji, nami hutembea kumfuata. Shemeji anapata samadi yote, ambayo huiweka kwenye zabibu zake, nami ninaleta pumba na chumvi. Mtu wa nje angesema nimepunjwa. Lakini anayeamka usiku mbwa wakibweka ni shemeji, wala si mimi.

Kuhusu kuuza, tulipatana mapema na ninashukuru kwamba tulifanya hivyo. Kuna wakati biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengeneza dawa ya asili, ilipandisha bei hata hapa Dodoma, ambako kulikuwa na machinjio ya punda, na wachuuzi walipita vijijini wakiwa na fedha mkononi. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Kabla ya hapo, na hata baada yake, mshirika mmoja mwenye shida ya ada ya shule angeweza kumaliza ushirika kwa usiku mmoja. Karatasi yetu inasema kwamba anayetaka kutoka atamuuzia mwenzake kwanza, kwa bei ya mnada wa wiki hiyo, na mwenzake atapewa mpaka mavuno kulipa.

Karatasi hiyo haikusema lolote kuhusu mimba, na punda sasa ana mimba ya yule dume mzee. Mimba ya punda huchukua takriban mwaka mzima, wakati mwingine hata zaidi, na miezi ya mwisho haifai kumpa kazi nzito. Mtoto atanyonya karibu miezi sita, kisha itapita miaka kama mitatu kabla ya kumwekea mzigo wa maana. Tumekaa chini ya mbuyu mara kadhaa na kukubaliana kwamba maji ya miezi hiyo tutayachukua kwa baiskeli, kwamba malisho ya mtoto yatagawanywa nusu kwa nusu, na kwamba akifikia umri wa kazi ushirika utakwisha, kila nyumba ikabaki na punda wake. Kinachobaki ni nani amchukue mama, ambaye tayari anajua njia ya kisima na maneno yetu mawili. Mke wangu amekwisha kusema anamtaka mama. Wifi yake naye ameandika hivyohivyo kwenye daftari.