Kumbukumbu ya mradi wangu: Kansas na Missouri, Machi 1907, juu ya meza

Jumamosi ya kwanza

Mbao ya sakafu ya kiwanja changu kidogo cha mfano nimeikata leo: sentimita 50 kwa 40, na kipimo nimekiweka 1 kwa 24. Hapo inaingia nusu moja ya uwanja wa mpira wa kikapu, na ile sehemu ya katikati ambayo ndiyo nia yangu hasa.

Naishi Kansas City, jiji ambalo mpaka wa majimbo ya Kansas na Missouri unapita ndani yake. Ukienda magharibi kilomita kama 65 unafika Lawrence, kwenye Chuo Kikuu cha Kansas. Ukienda mashariki kilomita kama 200 unafika Columbia, kwenye Chuo Kikuu cha Missouri. Timu za vyuo hivi zikikutana, hata kazini kwetu watu hujigawa. Mwanzoni niliziita watani wa jadi, kama tunavyosema Simba na Yanga, halafu nikaliacha neno hilo. Utani una mapenzi ndani yake, na hapa nyuma ya mpira kuna damu. Alfajiri ya Agosti 21, 1863, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wapiganaji wa msituni wa William Quantrill, waliokuwa upande wa Kusini, waliingia Lawrence kutoka upande wa Missouri, wakaua wanaume na wavulana wapatao 150 na kuchoma mji. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 asubuhi ile hakuwa hata amefika miaka 55 timu za mpira wa kikapu zilipokutana kwa mara ya kwanza, mwaka 1907.

Ule mchezo wa kwanza ndio ninaoujenga.

Jumapili

Pete na ubao. Pete halisi ina upana wa inchi 18, kwa hiyo yangu ni milimita 19. Nimezungushia waya kwenye kalamu ya wino mzito, nikaubana kwa koleo. Kimo cha futi 10 kimekuwa sentimita 12.7. Ubao wa nyuma ni futi 6 kwa 4, kwangu sentimita 7.6 kwa 5.1. Naupenda huu ubao kwa sababu ya asili yake: haukuwekwa ili mpira uugonge na kuingia. Uliwekwa kuzuia mashabiki wa roshani, ambao walikuwa wakinyoosha mikono na kuusukuma mpira nje au kuusaidia uingie.

Mpira ni shanga ya sentimita 1. Mipira ya wakati ule ilifungwa kwa kamba kama kiatu, nami nimechora mstari huo kwa ncha ya sindano iliyochovywa rangi nyeusi.

Jumamosi ya pili

Vanishi imeharibu kazi. Nilipaka upande mmoja tu, mbao ikanyonya na kupinda kama kigae. Nimeilowesha upande wa pili, nikaiweka chini ya mfuko wa unga wa kilo 10 hadi kesho. Nitapaka pande zote mbili.

Wakati nasubiri niliendesha gari hadi Lawrence na binti yangu. Katika DeBruce Center, jirani na uwanja wa Allen Fieldhouse, zimewekwa kurasa mbili za kanuni 13 za kwanza za mpira wa kikapu, ambazo mbunifu wa mchezo huo, James Naismith, aliziandaa Desemba 1891 kule Springfield, Massachusetts. Mwaka 2010 ziliuzwa kwenye mnada kwa dola milioni 4.3. Karatasi imekuwa ya kahawia, na chini kuna maandishi ya mkono wake. Tulikaa pale muda mrefu.

Huyo Naismith ndiye alikuwa kocha wa Kansas Machi 1907. Alifika Lawrence mwaka 1898, na ule ulikuwa msimu wake wa mwisho kufundisha timu. Missouri walikuwa kwenye msimu wao wa kwanza kabisa. Machi 11, huko Columbia, timu changa ikamfunga mwenye mchezo 34 kwa 31. Kesho yake ikamfunga tena, 34 kwa 12. Kansas walimaliza msimu wakiwa wameshinda 7 na kupoteza 8.

"Baba, aliutengeneza mwenyewe halafu akashindwa?"

Nilimwambia ndiyo, alishinda mara 55 na kupoteza 60 kwa jumla, na ni kocha pekee wa timu ya wanaume ya Kansas mwenye hesabu ya namna hiyo. Mimi sioni fedheha hapo. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili, aliubuni mchezo ili vijana wapate cha kufanya ndani wakati wa baridi, na miaka 15 baadaye vijana wa jimbo la jirani waliujua kiasi cha kumshinda. Mwalimu gani asingelitaka hilo?

Jumapili

Mbao imenyooka. Leo nimefanya ile kazi niliyokuwa naiwaza tangu mwanzo: kuichakaza sakafu.

Siku zile, kila kikapu kikiingia, mpira ulirudishwa katikati na mwamuzi aliurusha juu tena kati ya wachezaji wawili. Kanuni hiyo ilidumu hadi 1937. Chukua 34 na 31, kikapu kimoja pointi 2, mtupo huru pointi 1. Hata kama karibu pointi zote zilitokana na vikapu, walifunga si chini ya mara 33 katika mchezo wa dakika 40. Maana yake zaidi ya mara 30 watu wawili waliruka kutoka palepale, wakatua palepale.

Basi nikachukua msasa laini, nikausokota kwenye ncha ya penseli, nikasugua duara la katikati taratibu mpaka vanishi ikafifia na mbao ikaonekana nyeupe, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nikapaka vumbi kidogo la mkaa pembeni, kwa alama za viatu. Binti yangu aliinama, akaangalia, akasema mtu amesimama hapo.

Warukaji wawili tayari ni waya mtupu, urefu sentimita 7.4 kila mmoja, mikono juu. Shanga inaning'inia juu yao kwa uzi wa nailoni. Nimejaribu kuishusha hadi kwenye vidole, nikairudisha juu milimita 5, isiwe ya mtu bado.

Wanane waliobaki nitaanza kuwakunja Jumamosi.