Sahani mbili za nusu kilo

Kwa wiki tatu mfululizo daftari langu lilikuwa na mstari uleule kwenye presi ya kusimama, yaani kusukuma chuma kutoka mabegani mpaka juu ya kichwa: kilo 22.5, mara tano, nne, tatu kwa seti (awamu) tatu. Skwati, kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani, inapanda kila nikienda. Dedilifti, kuinua chuma kutoka chini mpaka usimame wima, inapanda. Presi imegoma palepale, na kila nikiuliza jimu naambiwa, "Sista, kaza." Nilikuwa nimekaza. Wenzangu kadhaa wa kazini wameniuliza waanze na programu gani ya vyuma, na nimeona nikiwatajia programu tu bila kuwasimulia habari ya hiyo presi nitakuwa nimewanyima nusu ya jibu.

Mimi ni muuguzi, nina miaka 39, naishi Tandika, Dar es Salaam. Kazi yangu ni ya kuinua watu: kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumtoa kitandani kumkalisha kwenye kiti. Mwaka jana mwezi wa nne kiuno kilinibana nikiwa namhamisha mama mmoja, nikalala chali siku tano. Hakukuwa na mfupa wala pingili yenye tatizo. Mwili haukuwa na nguvu za kazi niliyokuwa naupa. Nilipopona nikaingia jimu.

Jimu yenyewe ni ya mtaani, uani kwa mtu, juu mabati na turubai, chini saruji iliyopasuka. Ukiingia unalipa elfu mbili. Uzito mwingi ni wa zege: makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kokoto, bomba limepita katikati. Kuna chuma kimoja kirefu kizuri, stendi ya skwati, benchi, na sahani za chuma, yale maduara ya uzito yanayovikwa ncha za chuma kirefu, ambazo nyingi namba zake zimefutika.

Kijana anayefundisha pale alinipa karatasi ya siku sita. Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano miguu, hivyo hivyo mpaka Jumamosi, mazoezi matano kwa kila siku, marudio ishirini ishirini na vyuma vidogo vya mkononi. "Usije ukawa na mabega ya mwanaume, anti." Ndani ya wiki tatu nilihudhuria siku tisa kati ya kumi na nane. Miguu niliifanya mara moja tu, kwa sababu Jumatano nyingine zote niliangukia zamu.

Kijana hakuwa na nia mbaya, lakini ile haikuwa programu ya mtu anayeanza. Wiki za mwanzo nguvu inayoongezeka inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kuliko ukubwa wa misuli: ubongo unajifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja, kwa wakati wake. Hilo linataka kurudia jambo lilelile mara kwa mara. Mwanafunzi wa uuguzi anayetafuta mshipa wa mgonjwa mara moja kwa wiki atamaliza mwaka mkono bado unatetemeka. Anayeutafuta kila siku ya pili, mwezi unatosha. Skwati ni hivyo hivyo.

Programu nyingi za kuanzia zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Unakuwa na siku A na siku B, zinapishana. Siku A ni skwati, benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali), na kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama. Siku B ni skwati tena, presi ya kusimama na dedilifti. Unakwenda mara tatu kwa wiki, unapumzika angalau siku moja katikati, na kila ukikamilisha marudio yote, safari ijayo unaongeza kilo 2.5. Kinachotofautiana sana ni idadi ya seti. Wengine wanasema seti tano za mara tano, wengine tatu za mara tano, na dedilifti mara nyingi ni seti moja nzito tu kwa sababu inachosha mwili mzima.

Nilichagua tatu za tano kwa hesabu nyepesi. Ukinyanyua uzito wa kweli unahitaji dakika tatu za kupumzika kati ya seti. Seti tano kwa mazoezi matatu ni dakika 45 za kukaa tu, hujahesabu kupasha misuli moto, na stendi ni moja tunayogombea na vijana saba. Mimi nina saa moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa moja. Programu nzuri kuliko zote isiyoingia kwenye saa yako haikufai. Nasema hivi nikiwa nimepoteza wiki tatu kulijua.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Utaongezaje kilo 2.5 wakati hujui umebeba ngapi?

Jirani na jimu kuna kijana ananunua chuma chakavu. Ana mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza kwenye boriti. Nikamwomba, akasema niende Jumapili mchana, wateja wakiwa wachache. Tukabeba sahani zote pamoja na vijana wawili wa jimu, moja moja, tukizifunga kamba ya katani na kuziachia zitulie. Yeye anasoma, mimi naandika kwa chaki ubavuni. Chuma kirefu kilikuwa kilo 13. Watu wote pale walikihesabu 20, kwa sababu chuma cha mashindano ya wanaume ni kilo 20 na cha wanawake 15. Kisha zikaja sahani mbili zilizoandikwa 10, zile nilizokuwa natumia kila siku. Ya kwanza ilisoma 11.4. Ya pili 9.1.

Tukazipima tena. Zikasoma vilevile.

Basi ndiyo maana chuma kilikuwa kinalalia kulia, na mimi nimekesha nikijikanda bega nikidhani ni udhaifu wangu. Kijana mmoja alichuchumaa akaitazama ile namba ya chaki muda mrefu, akasema, "Sista, mimi nimejivunia benchi ya themanini mwaka mzima." Siku hiyo tulizipanga upya kwa pacha zinazokaribiana, na mpaka leo chaki ikifutika kuna mtu anaiandika tena.

Kwa hiyo ukienda jimu yoyote, pima. Hata sahani za dukani hazilingani kila mara. Na ukifika kwenye dedilifti na sahani ni ndogo, usiinue kutoka sakafuni. Sahani kamili ina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa karibu na katikati ya muundi. Cha kwetu kilikaa juu kidogo tu ya vifundo vya miguu, na kukifikia ilibidi nikunje mgongo, jambo lililonilaza siku tano. Niliweka vipande viwili vya mbao chini ya sahani, kila upande, kikapanda mahali pake.

Skwati nilianza na kilo 20. Zamu zikiniruhusu mara mbili kwa wiki, baada ya wiki nane nilikuwa na 57.5. Presi nilianza na kile chuma na uzito kidogo tu juu yake, nikafika 22.5, ikagoma. Nilijaribu kula zaidi, nikajaribu kupumzika dakika tano badala ya tatu. Kanuni ya kawaida inasema ukishindwa uzito mmoja mara tatu mfululizo, punguza asilimia 10 upande tena. Nikapunguza, nikapanda, nikagonga ukuta uleule.

Nilikuja kuelewa nikiwa na kalamu mkononi, chumba cha wauguzi, usiku. Kuongeza 2.5 juu ya skwati ya 57.5 hakufiki asilimia 5. Kuongeza 2.5 juu ya presi ya 22.5 ni zaidi ya asilimia 11. Aliyeandika programu alikuwa na kijana wa kiume wa kilo 80 moyoni. Kwake 2.5 ni hatua, kwangu ni ngazi tatu kwa mpigo. Wanawake wengi presi yao itagoma mapema namna hii, na wataambiwa wakaze.

Sahani ndogo kuliko kilo moja na robo hazikuwepo. Nikapanda daladala mpaka Gerezani, kwa mafundi wa kuchomelea, nikamweleza mzee mmoja ninachotaka. Akaniuliza, "Mwanangu, ni za mashine gani?" Nikamwambia ni za kubeba mimi mwenyewe. Akacheka, akachukua bamba la milimita 6, akachora duara la sentimita 12 na nusu, katikati tundu la kupitishia chuma. Akakata nne, akazisugua kingo mpaka zikawa laini kama sarafu. Moja ilipima gramu 480. Mbili ni karibu kilo moja.

Presi ikaondoka siku hiyohiyo. Kilo 23.5 mara tano, tano, tano. Nimeshika kilo 30 sasa, na benchi nayo nimeihamishia kwenye kilo moja moja.

Jambo la pili nililobadilisha ni kalenda. Siku A na siku B hazijui Jumatatu ni nini. Zinachotaka ni kufuatana na kupata siku ya kupumzika katikati. Nikitoka zamu ya usiku sibebi uzito mpya hata kidogo. Nalala kwanza, ingawa kulala mchana Tandika na bajaji na joto la Februari ni kazi nyingine, na kesho yake nafanya mazoezi yaleyale kwa asilimia 80. Skwati yangu iliposhindikana mara mbili niliangalia daftari: zote mbili zilikuwa asubuhi ya kutoka zamu. Haikuwa miguu.

Ramadhani nilipunguza seti badala ya uzito. Mara mbili kwa wiki, dakika tisini baada ya futari, seti mbili badala ya tatu, kilo zilezile. Nguvu inatunzika kwa kazi ndogo ilimradi uzito usishuke. Baada ya Idi nilichukua wiki moja kurudi kwenye seti tatu, nikaendelea kupanda.

Chakula nitasema kwa kifupi: chai na chapati peke yake asubuhi haijengi misuli. Mayai, dagaa, maharage na maziwa, kila mlo uwe na kimojawapo.

Na hili naliomba kama muuguzi. Pima presha kabla hujaanza. Ukibana pumzi chini ya chuma kizito, presha inapanda kwa muda, na mtu ambaye tayari anayo bila kujua asijulie chini ya stendi. Ukibeba skwati nzito, mwambie mtu, "Nishikie." Hakuna anayekataa.

Mama lishe wa mlangoni ameanza wiki iliyopita. Dera limefungwa kiunoni, suruali ndani, chuma kitupu cha kilo 13, mara tano, seti tatu. Nimempa daftari lake. Fundi nimemwagiza sahani nyingine nne, kwa sababu presi yake itafika mahali ilipofika yangu, na sitaki aambiwe akaze.

Kesho nina zamu ya mchana. Asubuhi ni siku B: skwati 70, presi 31, dedilifti 80.