Simama upande wa kushoto wa pantoni

Ukitoka Kigamboni kwenda mjini kwa pantoni, usisukumane na watu ili uwe wa kwanza kushuka. Simama upande wa kushoto. Nauli ni ileile, na kwa dakika zile chache Dar es Salaam ya zamani yote inapita mbele yako ikiwa imejipanga ukingoni mwa maji: miti ya Kivukoni, paa la vigae vyekundu la Azania Front, kanisa la Walutheri, na mnara wake mweupe, kisha mnara mrefu wenye ncha wa Mtakatifu Yosefu, kanisa la Wakatoliki, kisha bandari. Mimi ni mzaliwa wa Tungi. Kazi yangu ni kuchora ramani katika ofisi ndogo ya wabunifu majengo huko Upanga, kwa hiyo mkondo huu naupita asubuhi na jioni, na hakuna picha ya Dar, hata hizi zinazopigwa kwa droni, ninayoipenda kuliko hii.

Makanisa yale mawili yalijengwa enzi za Wajerumani. La Wakatoliki lilianza 1897 na la Walutheri 1898, na kufikia 1902 yote yalikuwa yamesimama. Kwa karibu miaka mia moja minara hiyo ndiyo iliyokuambia kwamba umefika mjini. Baba yangu, aliyekuwa kuli bandarini, hakuwahi kumwelekeza mgeni kwa jina la mtaa. Alikuwa anasema: shuka, fuata mnara wa Wakatoliki, ukishaupita ulizia. Hoteli ya Kilimanjaro ilipojengwa miaka ya 1960 ilikaa kando yao, na ukiwa majini uliiona kama jirani wa heshima.

Katikati ya miaka ya 2010 yakapanda maghorofa pacha ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, pale Barabara ya Sokoine, ghorofa 35. Muda si mrefu likafuata jengo la Mamlaka ya Bandari, nalo ghorofa 35, mita zaidi ya 150 kwenda juu. Mfuko wa PSPF wenyewe ulishaunganishwa na mingine mwaka 2018 ukawa PSSSF, lakini pale Feri watu bado wanasema "pale PSPF" na wanaelewana. Fedha za mafao ya watumishi ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya mji huu mpya wa juu. Mifuko ilihitaji kuweka akiba yake mahali, ardhi ya katikati ya mji ilikuwa ghali na viwanja vyake vidogo, vilivyopimwa tangu enzi za mkoloni, basi njia ikawa moja tu, kwenda juu.

Siyachukii majengo hayo. Mwezi wa Juni na Julai jua huzama upande uleule yaliko, na kuanzia saa 12 jioni pacha wale wawili huwa weusi kabisa, mbingu nyuma yao nyekundu, na abiria waliochoka na kazi wanatoa simu mfukoni bila kuambizana. Huo ni uzuri wa kweli na mji haukuwa nao zamani. Ninachokililia ni kingine. Mnara wenye ncha unaonekana kwa sababu nyuma yake pana anga tupu. Sasa pantoni likisogea kidogo tu, ile ncha ya Mtakatifu Yosefu inaingia mbele ya vioo, na hapo macho hayaishiki tena. Kanisa halijabomolewa, hakuna hata tofali lililoguswa, na bado kutoka majini limeondolewa.

Nilimwuliza mjomba wangu, mvuvi wa mshipi anayetoka Mjimwema, kama yeye linamuuma. Nilimkuta anapara samaki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Leo umekuja kunichora?"

Nikamweleza. Akanijibu kitu ambacho sikukitegemea. Wavuvi hujua mahali penye mwamba wa samaki kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu: hii ikikaa juu ya ile, na nyingine upande wa pili ikikaa hivi, hapo ndipo pa kushusha nanga. Alama yake ya zamani ilikuwa mbuyu mmoja mkubwa, pamoja na mnara wa taa wa kisiwa cha Makatumbe. Mbuyu ulikatwa viwanja vilipouzwa. "Sasa natumia wale pacha," akasema. "Mmoja akimficha mwenzie, wakawa mtu mmoja, na Makatumbe iko pale ninapoijua, nashusha. Yanaonekana mbali yale, mwanangu. Mbuyu ulikuwa unapotea ukungu ukishuka."

Nimelifikiria sana jibu lile. Kwa mjomba, ghorofa 35 zimerudisha kitu ambacho shoka lilikichukua. Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie kwamba maghorofa yanaharibu mandhari, basi. Inategemea uko wapi unapoyatazama, na yanasimama mbele ya nini.

Bibi yangu yeye yuko Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, katika moja ya nyumba za Kiswahili chache zilizobaki: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma. Kwa anayeijua Kariakoo ya sasa sihitaji kueleza kilichotokea kushoto na kulia kwake. Maduka chini, stoo juu yake, juu zaidi vyumba vya kupanga, ghorofa nane upande mmoja na zaidi upande wa pili. Jua linafika uani kwake saa sita mchana, linakaa kidogo, linaondoka. Nguo za asubuhi zinaanuliwa jioni zikiwa bado na unyevu. Mchaichai wake ulikufa, akahamishia kopo la mwingine barazani.

Lakini linalomuuma zaidi ni mwezi. Mwezi mwandamo huonekana chini kabisa magharibi, muda mfupi tu baada ya magharibi kuswaliwa, na ukiukosa hapo umezama. Zamani, anasema, siku ya 29 ya Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, watoto walijaa kwenye kona ya mtaa wakitazama upande wa Jangwani, na wa kwanza kuuona alikimbia nyumba hadi nyumba akipiga kelele. Nyumba zote zilikuwa za chini, mapaa ya bati, mtaa ulikuwa wazi mpaka mwisho. Leo kona ileile unaona ukuta, nyaya za umeme na matangazo ya jumla na rejareja. Wanaotaka kuuona mwezi wanamwomba mlinzi wa jengo awaruhusu kupanda juu. Bibi hawezi ngazi. Anausikia redioni kama mtu aliyeko Dodoma. Nilipokuwa namsikiliza nilitaka kulia, maana hiki si kitu cha watalii wala cha kupigia picha, ni sehemu ya ibada yake, na hakuna kikao chochote kilichowahi kukaa kuamua kwamba aikose.

Na hapa ndipo kazi yangu inaponisumbua. Mteja akija ofisini tunamchorea jengo lake kwenye kompyuta, lenye vioo vya bluu, magari mawili mazuri mbele, miti, na nyuma yake mbingu tupu. Kila jengo kwenye picha hizo limesimama peke yake duniani. Majirani tunawafanya maboksi meupe, au tunawafuta. Kwenye makabrasha ya kuombea kibali cha ujenzi niliyoshiriki kuyaandaa tunaonyesha umbali kutoka mpakani, maegesho, ngazi za dharura, maji ya zimamoto, mahesabu ya nguzo. Yote ni ya lazima; tangu jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi siku ya Ijumaa Kuu, 29 Machi 2013, na kuua watu 36, hakuna anayeyafanyia mzaha. Lakini sijawahi kuombwa mchoro unaoonyesha jengo hilo litaonekanaje kutoka kwenye pantoni. Wala mchoro wa kivuli chake saa tatu asubuhi kwenye uani wa jirani, ingawa programu tunayotumia inautoa kwa dakika tano. Nimewahi kuutoa mwenyewe, bila kuombwa, nikauweka mezani kwa bosi wangu. Akautazama kwa makini, akasema ni mzuri, akauliza nani ataulipia.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya nchi tajiri. London ni kweli wanayo: tangu miaka ya 1930 kuna utaratibu wa kulinda mwonekano wa kanisa kuu la St Paul's, na hadi leo ghorofa linaweza kupunguzwa kwa ajili ya mstari wa kulitazamia unaoanzia kwenye kilima kilicho mbali. Lakini hatuhitaji kwenda huko. Vukeni bahari hadi Unguja. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na urefu wa majengo pale ni jambo la kuulizwa, la kugombewa, la kuandikiwa barua. Wanashindwa mara nyingine, ndiyo, lakini linaulizwa. Dar tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayoweza kulilinda jengo lisibomolewe. Anga iliyo nyuma ya jengo hailindwi na mtu.

Huu ni mji wa watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022. Lazima upande juu. Kila ghorofa linaloinuka Posta au Upanga ni mashamba na mikoko kadhaa iliyosalimika huko Mbagala na Bunju, na mimi mwenyewe napata riziki humo. Pia tumepewa mahali papya pa kuutazamia mji. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, linakuonyesha bandari kwa nyuma, winchi na meli, na mji ukiwa mbali upande wa kaskazini. Daraja la Tanzanite, la 2022, limetufungulia Upanga kutoka baharini, sura ambayo zamani walikuwa nayo wavuvi peke yao. Jioni watu wanatembea pale na watoto wao ili tu kuangalia. Kiu hiyo ipo, na si ya wasomi.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kidogo na kinachoreka. Mpango kabambe wa mji ujao, kama ile ya 1949, 1968 na 1979 ilivyochora barabara na maeneo ya wazi, uchore na mistari ya kutazamia. Wa kwanza uanzie kwenye gati la Kigamboni hadi kwenye minara miwili ya makanisa, na chochote kitakachojengwa nyuma yake kihesabiwe urefu kwa kuangalia kutoka majini. Wa pili uanzie katikati ya Daraja la Tanzanite, kabla ufukwe wa Upanga haujageuka ukuta mmoja wa vioo, na dalili zipo.

Wa tatu ni wa bibi. Bonde la Msimbazi chini ya Kariakoo limebaki wazi kwa sababu ya mafuriko, na mradi unaoendelea kwa mkopo wa Benki ya Dunia umekusudia kuifanya sehemu yake ya chini kuwa bustani ya mji. Wanaochora bustani hiyo waache mwinuko mmoja upande wa Jangwani, wenye njia isiyo na ngazi na mabenchi yanayotazama magharibi, pasipandwe miti mirefu mbele yake. Kutoka Narung'ombe hadi pale ni mwendo wa bajaji, na mlima mfupi kiasi hicho bibi anaupanda.