Nilivyoiongezea Forester yangu farasi bila kuiua injini

Mlio wenyewe niliusikia nikiwa nimeshapita Awasi, pale barabara inapoyaacha mashamba ya miwa na kuanza kupanda kuelekea Kericho. Saa nane mchana, jua la uwanda wa Kano limeniandama tangu Ahero, ndani tuko watu wanne, na kwenye buti kuna gunia la mchele. Nikakanyaga mafuta nilipite lori, na chini ya boneti kukatoka kitu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Nikaachia mguu, kikanyamaza. Nikakanyaga tena kidogo, kikarudi.

Nilijua nimefanya nini. Wiki mbili kabla ya hapo, mjini Nakuru, nilikuwa nimenunua kivalvu cha shaba kisichozidi kidole gumba, kile kinachoungwa kwenye mpira mwembamba wa turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi na kushindilia hewa ndani ya injini, ili kuidanganya iendelee kusukuma hewa hata baada ya kufika kiwango chake. Unakaza skrubu, busti, yaani mgandamizo wa ile hewa ya ziada, inapanda. Hakuna kompyuta, hakuna kupima. Jamaa yangu wa Mombasa mwenye gari kama langu alikuwa ameniambia yeye anaendesha na paundi 15, basi nami nikakaza mpaka geji ikasoma 15. Siku hiyo nilizunguka kutoka Lanet hadi Njoro nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Gari ni Subaru Forester ya 2004, gia ya mkono, injini ya EJ205 ya lita mbili yenye turbo. Kwa kuwa ilitoka Japani, kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 220, na iliandikiwa ikitarajia petroli ya huko ya daraja la juu, ambayo okteni yake, kipimo cha petroli kustahimili kujilipukia yenyewe, hufika 100. Ya kwetu haifiki hapo. Hilo nalo nililijua nikajitia hamnazo.

Basi nikasimama Kipsitet, nikachukua spana, nikakitoa kile kivalvu na kurudisha mpira wa zamani. Tulipanda hadi Kericho na kuvuka mpaka Mau Summit taratibu nyuma ya malori. Mke wangu hakuuliza kitu, na mimi namjua: asipouliza ndiyo mbaya.

Fundi wangu, ambaye sote tunamwita Mzee ingawa hajafika miaka hamsini, alisikiliza kisa chote akiwa amelala chini ya Probox ya mtu. Kisha akatoka, akapangusa mikono, akasema, "Kijana wangu, toa plagi kwanza. Maneno baadaye."

Plagi za Subaru zinatesa. Injini imelala ubavu, silinda mbili huku na mbili kule, na plagi zimeelekea kwenye chesisi, kwa hiyo unaingiza mkono upande bila kuona unachoshika. Ya kwanza na ya pili zilikuwa sawa, rangi ya biskuti. Ya tatu vilevile. Ya nne Mzee aliigeuza juani, akanipa na miwani yake ya kusomea. Juu ya kauri nyeupe kulikuwa na vichembe vidogo vinavyometa, kama mtu amenyunyiza chumvi. "Hiyo si uchafu," akasema. "Hiyo ni pistoni yako."

Roho ilinidunda. Kile nilichosikia, ambacho mafundi wetu hukiita noki, ni mchanganyiko wa hewa na petroli kujilipukia wenyewe kwenye kona ya silinda kabla ya moto wa plagi kuufikia. Mlipuko huo unagonga pistoni kama nyundo. Pistoni za injini hizi si za kufuliwa, ni za kumiminwa, na kinachovunjika kwanza ni kile kingo chembamba cha aluminiamu kinachoshikilia pete. Kikivunjika, gari linavuta oili na kutoa moshi wa buluu, na hapo unaongelea injini nyingine.

Tukapima mgandamizo wa silinda zote nne. Geji ilisoma 134, 138, 135, na ile ya nne 131. Mimi nikaanza kulia kwamba kitabu kinataka zaidi. Mzee akacheka. Vitabu hivyo hupimiwa usawa wa bahari, na Nakuru iko karibu mita 1,850 juu yake, hewa yenyewe ni nyepesi, geji haiwezi kusoma sawa na ya pwani. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda, na yangu haikupita sehemu moja kwa kumi. Tukasukuma hewa ndani ya ile ya nne pistoni ikiwa juu, Mzee akatega sikio kwenye tundu la oili, kisha kwenye eksozi, kisha kwenye rejeta. Kimya cha kuridhisha. Nilikuwa nimekwaruza tu.

Jioni ile nilikaa na kalamu, nikaona ujinga wangu kwa hesabu. Mombasa hewa ya nje ina mgandamizo wa karibu paundi 14.7 kwa inchi ya mraba. Nakuru ni kama 12. Geji ya busti inaonyesha ziada tu juu ya hewa ya nje. Jamaa yangu akisoma 15, turbo yake inaikamua hewa mara mbili hivi. Mimi nikisoma 15 ileile, yangu inaikamua mara 2.25. Inazunguka kwa kasi zaidi, na hewa inatoka ikiwa na joto zaidi, ili kupata matokeo madogo kuliko ya mwenzangu. Halafu nikateremka hadi Kisumu, karibu mita 1,130, ambako hewa ni nzito kidogo. Kivalvu hakijui habari hizo, chenyewe kinaongeza 15 juu ya chochote kilichopo. Ongeza joto la Ahero, mzigo na mlima, upate kokoto. (Na wale wa Uasin Gishu wanisamehe, kila ninapoandika turbo namaanisha hii ya injini, si mji wenu.)

Bado nilitaka nguvu. Mzee alikubali kwa sharti moja: hatuongezi chochote mpaka gari lifikie kile ambacho Subaru wenyewe walikiweka. Nikapeleka gari Nairobi kwenye mashine ya kupima nguvu. Likatoa farasi 141 kwenye magurudumu, yaani baada ya gia na ekseli kula sehemu yake. Jambo la kuangalia hapa: mashine hizi zina hesabu ya kufidia mwinuko, ambayo hukuandikia kana kwamba uko pwani. Kwa gari lisilo na turbo hesabu hiyo ni ya haki. Kwa lenye turbo huvimbisha namba, kwa sababu turbo yenyewe imeshafidia sehemu ya upungufu. Waliniprintia karatasi ya kwanza yenye 168, nikafurahi, kisha kijana wa mashine akanionea huruma akaniprintia ile isiyo na fidia. Tangu hapo naomba hiyo tu, na naenda mashine ileile.

Matengenezo yalichukua miezi mitatu na sehemu kubwa ya pesa, na hakuna hata moja la kujivunia mbele ya watu. Tulipitisha moshi kwenye njia ya hewa tukaona unachungulia chini ya intakula, lile rejeta bapa la kupozea hewa lililokaa juu ya injini. Mpira wake ulikuwa na ufa usioonekana mpaka uukunje. Maana yake hewa iliyokwisha kupimwa na sensa ilikuwa inavuja, na kompyuta inamwaga petroli kwa hewa ambayo haipo. Mkanda wa taiming hakuna aliyejua ulifungwa lini. Subaru husema kilomita 100,000, tukaubadilisha pamoja na rola zake na pampu ya maji, kwa sababu ukikatika valvu na pistoni zinakutana. Pampu ya petroli ndani ya tangi ilikuwa imechoka, presha inashuka ukikanyaga mpaka chini. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko vyote, kwani injini yenye turbo ikikosa petroli wakati wa busti hailalamiki, inayeyuka. Tukaweka pampu mpya, tukasafisha injekta na sensa ya hewa, tukaweka plagi za baridi zaidi kwa daraja moja, yaani zinazotoa joto haraka, na kupunguza mwanya wake kidogo.

Nikarudi kwenye mashine. Farasi 158. Kumi na saba nilikuwa nao siku zote, walikuwa wamelala.

Baada ya hapo ndipo tukagusa eksozi. Bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo tuliliweka pana zaidi, lenye kataliza, kile kisafisha moshi, ya kupitisha moshi kwa wepesi. Mzee hakubali kuitoboa kataliza kama wengi wafanyavyo, anasema anaishi mji huuhuu na anavuta hewa hiihii. Ubaya wa bomba pana ni kwamba moshi ukitoka kwa urahisi turbo inazunguka kwa urahisi, na busti inaweza kupanda yenyewe kupita ulichopanga. Ndiyo maana gari lilikaa gerejini karibu na Shabab siku nne bila kuendeshwa, likimsubiri kijana wa kompyuta.

Kijana huyu alikuja na laptopu na waya mmoja, na kabla ya kufungua chochote akaomba karatasi za mgandamizo. Nikampenda hapohapo. Akafunga sensa yake kwenye eksozi ya kusoma kiasi cha hewa kwa petroli. Gari likiwa limetulia linataka hewa 14.7 kwa petroli moja, lakini kwenye busti kamili alitaka karibu 11, petroli ya ziada ipoze silinda. Akaandika upya programu ya injini kwa petroli yetu: akarudisha nyuma cheche ya plagi pale busti inapokuwa kubwa, na akapanga busti kwa mgandamizo kamili badala ya ziada, kompyuta ipime hewa ya nje kwanza ndipo iamue. Kilele akakiweka chini ya kile nilichokuwa nimekaza na kivalvu, kisha akaiacha busti ishuke mizunguko ya injini ikipita 5,000 kwa dakika, ambapo ile turbo ndogo ya Forester inabaki kupuliza moto tu.

Niliona kama ananipunja. "Hii ni chini ya niliyokuwa nayo," nikamwambia.

"Ndiyo, boss. Na utaenda mbio zaidi."

Tulianza taratibu kwenye mwinuko, alfajiri ya Jumapili, gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 5,000, ambayo kwenye gari hili huishia karibu na kilomita 100 kwa saa. Anarekodi, tunaegesha, anasoma, anabadilisha kidogo, tunarudia. Sensa ya noki ikionyesha hata alama moja anarudisha nyuma. Kazi ya kukanyaga mpaka mwisho tuliiacha kwa mashine ya Nairobi, ambako gari limefungwa kwa mikanda na feni kubwa inalipuliza usoni. Matokeo yalikuwa farasi 187 kwenye magurudumu, bila fidia. Kijana alisema zinaweza kutoka nyingine kumi. Mzee alikuwa amenifundisha kujibu: zibaki humo.

Kuna mambo mengine niliyoyafanya bila maneno mengi. Pedi za breki bora na mafuta mapya ya breki, kwa sababu mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa hauna utani na breki iliyochemka. Naangalia stiki ya oili kila ninapojaza tangi mara ya pili. Nampa turbo dakika moja ya kupoa kabla ya kuzima. Nikawaandikia watu wa bima nilichobadilisha, wakaongeza malipo kidogo na nikanung'unika, lakini nimewahi kuona mtu akinyimwa fidia kwa kunyamaza.

Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya Kisumu na Mzee akaomba lifti amwone dada yake. Tukirudi nikachagua makusudi saa nane mchana, watu wanne, mchele kwenye buti. Baada ya Awasi nikafungua dirisha, nikazima redio. Kulikuwa na lori mbele, njia nyeupe. Nikakanyaga.

Upepo, tairi, na mluzi mwembamba wa turbo. Nilimtazama Mzee nione kama naye ametega sikio. Alikuwa amenyoosha shingo kweli, lakini macho yake yalikuwa pembeni mwa barabara.

"Simama hapo mbele," akasema. "Yule mama ana mahindi ya kuchoma."