Kutoka Kalenga hadi kikapu cha bibi
Likizo ya Juni niliwapeleka wanangu, wa miaka 7 na 5, kwa bibi yao kijijini Iringa, kwa kuwa nilichoka kuwasikia wakisema kwamba wao ni watu wa Dar na kwamba Kihehe ni lugha ya wazee. Tulianzia Kalenga, kwenye makumbusho madogo ambamo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Nilikuwa nimejiandaa kuwasimulia jinsi Wahehe walivyowashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, lakini mdogo aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini walichukua kichwa chake?" Hotuba yangu, nakiri, iliishia hapo.

Kilichowanasa hasa kilikuwa nyumbani. Bibi yao, aliyekuwa mkekani akisuka kikapu cha majani ya milulu, hakumpa yeyote togwa mpaka aamkie kwa Kihehe, "kamwene", na aliyeamkia kwa kunong'ona alirudishwa mlangoni aanze upya. Siku ya tatu mkubwa aliomba kusuka. Bibi akalowesha milulu ili isikatike, akamshika vidole na kumwonyesha namna ya kuvuta bila kulegeza mzunguko uliotangulia. Kikapu hicho kimepinda upande mmoja, nasi tunawekea vitunguu. Siku hizi wakimpigia bibi simu, hugombania nani aanze kuamkia, ingawa matamshi yao bado humchekesha.